Yoga kwa Mfiwa: Mwongozo wa Siku Zinazofuata Matanga

Katika kata ya Nassa, iliyo kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, wilayani Busega, mkoani Simiyu, msiba hauachiwi mtu mmoja. Tangu habari ya kifo inapotoka hadi siku ya kuanua matanga, nyumba ya mfiwa hujaa watu: wanawake hulala ndani juu ya mikeka wakimzunguka mjane au mama wa marehemu, wanaume hukesha nje penye moto, vijana huchimba kaburi, majirani huleta unga, kuni, maji na michango ya fedha, na kwaya huimba hadi usiku. Mpangilio huo, ambao Wasukuma wa eneo hilo wanaushiriki pamoja na jamii nyingi za Tanzania, ni tiba hasa, kwa sababu humlisha mfiwa asiyetaka kula, humlaza asiyepata usingizi, na humpa ruhusa ya kulia kwa sauti katikati ya watu wanaolia pamoja naye. Udhaifu wake ni mmoja tu, nao ni kwamba una mwisho. Baada ya siku chache mikeka hukunjwa, masufuria yaliyoazimwa hurudishwa, ndugu waliotoka Mwanza, Bariadi au Musoma hupanda mabasi, na mfiwa hubaki na mwili uleule uliochoka, sasa bila mtu wa kuulisha wala kuulaza.

Mwongozo huu unahusu kipindi hicho, na unamweleza msomaji aliyefiwa, au anayemtunza aliyefiwa, jinsi ya kutumia sehemu ndogo ya yoga ili mwili upate tena pumzi, usingizi na nguvu za kazi. Hauahidi kuondoa huzuni, kwa kuwa huzuni ya kufiwa si ugonjwa, na mtu anayemlilia aliyempenda hana kosa la kurekebishwa. Kinachoweza kusaidiwa ni mwili unaoibeba huzuni hiyo.

Yoga ni nini, na ni sehemu gani inayotumika hapa

Yoga ni mfumo wa malezi ya mwili na akili uliozaliwa India ya kale, ambao mafundisho yake yalikusanywa katika maandishi mafupi yanayohusishwa na mwanazuoni Patanjali, takriban miaka elfu moja na mia tano iliyopita au zaidi. Mfumo huo una matawi mengi, yakiwemo maadili, ibada na kutafakari kwa muda mrefu, lakini mfiwa anahitaji mambo matatu tu: mikao ya mwili, inayoitwa *asana*, udhibiti wa pumzi, unaoitwa *pranayama*, na kulala chali kwa utulivu mwishoni mwa mazoezi, kunakoitwa *shavasana*. Tarehe 11 Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kuwa tarehe 21 Juni ya kila mwaka iwe siku ya kimataifa ya yoga, na tangu mwaka 2015 siku hiyo imekuwa ikiadhimishwa Tanzania pia. Wapo wanaodhani kuwa mazoezi haya ni ya watalii wa hoteli za Zanzibar na wakazi wa mitaa ya kitajiri, lakini jijini Nairobi taasisi ya Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007, imewafunza vijana wa mitaa ya mabanda kuwa walimu wa yoga katika maeneo yao wenyewe, jambo linaloonyesha kuwa zoezi lisilohitaji zaidi ya sakafu na pumzi halimtengi mtu kwa sababu ya kipato chake.

Swali la dini linastahili kujibiwa mapema, hasa mahali kama Nassa, ambako misheni ya Kikristo ilikuwepo kabla ya mwaka 1909, uongozi wake ulipopokewa na Africa Inland Mission kutoka kwa Church Missionary Society, na ambako kanisa ndilo linaloendesha mazishi mengi. Wapo wachungaji na masheikh wanaoitilia shaka yoga kwa sababu ya mizizi yake katika dini ya Kihindu, na shaka hiyo si ya kupuuzwa. Njia ya haki ni kutenganisha mambo: kunyoosha mgongo na kurefusha pumzi ni kazi ya misuli na neva, ilhali kutamka maneno matakatifu ya Kihindu ni ibada, na mwongozo huu hauna tamko lolote la namna hiyo. Mkristo anaweza kutamka moyoni sala yake fupi wakati wa kutoa pumzi, Mwislamu akaleta dhikri, na anayeona dhamiri yake haitulii anapaswa kuzungumza kwanza na kiongozi wake wa dini, kwa sababu mfiwa hahitaji mzigo wa pili wa hatia.

Kinachotokea mwilini

Wafiwa wengi husema kifua kimebana, miguu haina nguvu, koo limeziba, chakula hakipiti, na usingizi ukija hukatika saa nane usiku. Hayo si maneno ya kupamba huzuni, bali ni maelezo sahihi ya mwili ulio katika hali ya hatari. Mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe, yaani ule unaosimamia mapigo ya moyo, pumzi na mmeng'enyo bila mtu kuuamuru, una pande mbili: upande mmoja huuandaa mwili kupambana au kukimbia, na upande wa pili huurudisha katika mapumziko. Kifo cha mpendwa huuwasha upande wa kwanza kwa nguvu, na mwili humwaga homoni za dharura, ikiwemo kortisoli, ijapokuwa hakuna adui wa kupigana naye wala mahali pa kukimbilia. Hali hiyo ikidumu wiki nyingi huchosha moyo. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa hatari ya kufa huongezeka kwa wajane na wagane katika miezi ya mwanzo baada ya kufiwa, na tangu mwaka 1990 madaktari, wakianzia Japani, wameeleza hali ambayo misuli ya moyo hudhoofika ghafla kwa sababu ya mshtuko mkubwa wa huzuni au hofu.

Pumzi ndiyo kazi pekee ya mfumo huo ambayo mtu anaweza kuishika kwa hiari yake kwa urahisi, na ndiyo maana yoga huanzia hapo. Pumzi inapotolewa polepole, neva ya vagasi, ambayo hushuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi moyoni na tumboni, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, kwa hiyo kurefusha pumzi inayotoka kuliko inayoingia ni njia ya moja kwa moja ya kuuambia mwili kwamba kwa dakika hizi hauko hatarini. Utafiti kuhusu yoga na wafiwa bado ni mdogo kuliko ule wa yoga na wasiwasi au maumivu ya mgongo, na hakuna sababu ya kudai zaidi ya hapo. Lakini utaratibu huu wa mwili unafahamika vizuri, na gharama ya kuujaribu ni ndogo mno.

Wakati, mahali na nafasi ya mwili wa mkulima

Siku za mazishi zenyewe si siku za mazoezi. Mfiwa aache watu wamshike, alie, ale kidogo anacholetewa, na kama pumzi inakatika kwa kilio, anayemshikilia aweke kiganja kati ya mabega yake na kutoa pumzi ndefu zinazosikika, kwa kuwa mwili wa anayelia huelekea kuifuata pumzi ya aliye karibu. Mazoezi yaanze baada ya matanga kuanuliwa. Mjane wa Kiislamu aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi hana kizuizi cha kuyafanya, kwa kuwa hufanyika ndani na hayahitaji vazi la pekee wala kuonekana na mtu.

Vitabu vingi vya yoga huandikwa kwa ajili ya watu wanaokaa vitini kutwa nzima, na hapo ndipo msomaji wa Simiyu anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu mwili uliopalilia pamba au mahindi tangu alfajiri umeinama vya kutosha na hauna haja ya kuongezewa jasho. Mkulima aliyefiwa anahitaji mikao ya kulala na kufungua kifua, si mikao ya kusimama kwa mguu mmoja au ya kubeba uzito kwa mikono. Tangu mvua za Novemba, watu wanapopanda pamba, hadi palizi inapokwisha, robo saa ya jioni kabla ya kulala inatosha. Baada ya mavuno kazi ya shamba inapopungua, hatari hugeuka, kwani mfiwa anaweza kukaa pale alipoketi tangu asubuhi. Kipindi hicho mazoezi yafanyike asubuhi, nayo yaambatane na kutembea hadi kisimani au ziwani.

Vifaa ni mkeka, kitenge au nguo iliyolegea kiunoni, na blanketi moja la kukunja. Kama nyumba ina chumba kimoja na watoto wengi, hakuna ubaya wa kufanya wakiwepo, na pengine ni bora, kwa sababu watoto nao wamefiwa.

Utaratibu wa mazoezi

Mfiwa aanze kwa kuketi, ama chini akiegemea ukuta ama juu ya kigoda, na aweke kiganja kimoja kifuani na kingine tumboni. Avute pumzi kwa pua kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, bila kulazimisha kifua kujaa, huku akihisi kiganja cha tumbo kikisukumwa nje na kurudi. Harakati hiyo huonyesha kuwa kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinafanya kazi yake. Mwendo huo hutoa takriban pumzi sita kwa dakika. Dakika tatu zinatosha kwa juma la kwanza, na siku ambayo mfiwa hana nguvu ya jambo jingine lolote, afanye hili peke yake.

Kisha apige magoti na kuweka viganja chini, mikono ikiwa wima chini ya mabega na magoti chini ya nyonga. Anapovuta pumzi, atelemshe tumbo kuelekea sakafuni na kuinua kidevu kidogo. Anapoitoa, aukunje mgongo kuelekea juu na kuachia kichwa kining'inie. Mkao huu, ambao walimu huuita wa paka na ng'ombe, hulegeza misuli iliyo kati ya mabega, ambako wafiwa wengi hubeba maumivu bila kujua chanzo chake ni nini, na hufaa urudiwe mara nane au kumi. Kutoka hapo mfiwa akalie visigino vyake, aelekeze kiwiliwili mbele na kuweka paji la uso juu ya mikono iliyokunjwa au blanketi. Huu ni mkao wa mtoto, na wapo wanaouona kuwa mgumu kwa sababu unakaribia sana umbo la mtu aliyeangukia kaburi. Mfiwa anayehisi hivyo auache kwa miezi kadhaa, au aufanye akiwa ameketi kigodani na kuegemeza kichwa mezani.

Mkao unaofuata ndio wenye manufaa makubwa zaidi, na pia ndio wenye kuhitaji upole zaidi. Blanketi likunjwe liwe kama gogo lenye unene wa kiganja kimoja, liwekwe mkekani, na mfiwa alale chali huku blanketi likipita chini ya mabega, kichwa kikiwa kimeegemezwa kwenye nguo iliyokunjwa na mikono ikiwa imefunguliwa pembeni. Mwili wenye huzuni hujikunja, mabega huja mbele na kifua hufungwa, na baada ya majuma mengi pumzi fupi huwa mazoea. Blanketi hilo hukifungua kifua bila mfiwa kutumia nguvu yoyote. Mara nyingi kilio huja hapa. Kikija, kisizuiwe wala kisichochewe: mfiwa ageukie ubavu, akunje magoti, alie, na kilio kinapotulia arudie pumzi ya nne na sita. Agizo hili linawahusu sana wanaume, ambao tangu utotoni wameambiwa wajikaze na ambao katika siku za matanga hupewa kazi za kamati, hesabu za michango na usafiri, hivyo huenda watu wakaondoka kabla hawajapata hata dakika moja ya kulia.

Baadaye mfiwa asogeze makalio karibu na ukuta na kuinua miguu iegemee ukutani kwa dakika tano, mkao unaopunguza uvimbe wa miguu ya mtu aliyesimama kutwa na unaosaidia usingizi. Mazoezi yafungwe kwa mapumziko ya kulala chali. Jina la Kisanskriti la mapumziko hayo hutokana na maiti, na mwalimu mwenye busara hatalitafsiri mbele ya mtu aliyetoka kuzika; inatosha kuyaita mapumziko, na asiyetaka kulala chali huku amefumba macho alale ubavu, macho yakiwa wazi yakitazama mahali pamoja.

Tahadhari kwa misiba ya namna mbalimbali

Watu wa pwani ya ziwa hufiwa majini. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu walikufa. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Na mbali na ajali hizo zinazotangazwa, mitumbwi ya wavuvi huzama katika dhoruba bila kutajwa popote. Kwa aliyefiwa na mtu aliyezama, au aliyenusurika yeye mwenyewe, mazoezi ya kuzuia pumzi, ambayo hupatikana katika vitabu vingi vya *pranayama*, yanapaswa kuachwa kabisa, kwa sababu kifua kisicho na hewa hukumbusha mwili jambo lilelile unalojaribu kuliepuka. Mtu huyo apumue mfululizo, macho yakiwa wazi, nyayo zikiwa zimegusa sakafu. Pale ambapo mwili wa marehemu haukupatikana, familia haina kaburi la kwenda, na huzuni haipati mahali pa kutua. Yoga haiwezi kutoa mahali hapo, kwa hiyo ibada ya kumbukumbu itakayokubaliwa na ukoo itangulie.

Mama aliyefiwa na mtoto mchanga ana mwili uliojifungua na matiti ambayo bado yanaweza kuwa na maziwa. Asilale kifudifudi, asifanye mkao wowote zaidi ya pumzi na miguu ukutani hadi mhudumu wa kliniki amruhusu, na kama alifanyiwa upasuaji asubiri muda mrefu zaidi. Mwenye shinikizo la damu asiinamishe kichwa chini ya kiwango cha moyo, na mjamzito katika miezi ya mwisho asilale chali.

Lipo jambo jingine ambalo Usukumani haliwezi kupitwa kimya. Kifo kinapotokea ghafla, huzuni hutafuta mkosaji, na kwa miongo mingi wanawake wazee wa Kanda ya Ziwa, baadhi wakiwa hawana kosa ila macho mekundu kwa moshi wa kupikia, wameuawa baada ya wafiwa kupelekwa kwa mpiga ramli chonganishi. Yoga si jibu la uovu huo, ambao ni wa sheria, viongozi na elimu. Hata hivyo, hasira ya mfiwa ina hatua ya mwili kabla haijafikia uamuzi: meno hukazwa, pumzi huwa fupi, usingizi hukosekana, na mtu asiyelala majuma matatu huamini kwa urahisi anachoambiwa. Ndugu wanaomwona mfiwa katika hali hiyo wana wajibu wa kumlaza, kumpumzisha na kumwondolea washauri wa chuki, na mazoezi ya jioni ni sehemu halali ya kazi hiyo.

Kufanya pamoja, na kujua mpaka wa mazoezi

Wasukuma wana ngoma ya wigashe, inayochezwa na watu wakiwa wameketi huku wakiyumbisha viwiliwili pamoja, na wana bugobogobo, inayofuata mwendo wa jembe. Kwa hiyo wazo kwamba miili mingi ikienda kwa mdundo mmoja hupata nguvu si geni kwao. Wajane watano au sita wa kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA au wa kwaya wanaweza kubaki nusu saa baada ya kikao, mmoja akahesabu pumzi kwa sauti na wengine wakamfuata. Watoto nao wafundishwe kuvuma kama nyuki wakati wa kutoa pumzi, midomo ikiwa imefungwa, kwa kuwa mvumo hurefusha pumzi bila kuhesabu na watoto huupenda.

Mpaka wa yote haya ni muhimu kuujua. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, unatambua huzuni iliyorefuka kuwa ni hali ya kutibiwa pale ambapo kumtamani marehemu kunaendelea kwa ukali kwa zaidi ya miezi sita, kupita kiasi ambacho desturi za jamii husika hutarajia, na kumzuia mtu kufanya kazi au kuwatunza wanawe. Mfiwa wa namna hiyo, pamoja na yule aliyekimbilia gongo, anayekataa kula kabisa, au anayesikia sauti ya marehemu ikimwamuru, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, na kutoka hapo hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Bariadi au hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ambako wapo wataalamu wa afya ya akili. Anayesema anataka kumfuata marehemu asiachwe peke yake hata usiku mmoja, dawa za kuulia wadudu wa pamba na kamba ziondolewe nyumbani, na safari ya hospitali isisubiri siku ya gulio.

Kwa wengine wote, mazoezi yafanyike kila siku kwa majuma sita ya kwanza, kisha mara tatu kwa wiki kwa kadiri usingizi unavyorudi. Siku za msimu wa kwanza wa kupanda bila marehemu, sikukuu ya kwanza na siku ya kutimiza mwaka huamsha maumivu upya, na mfiwa ayarudishe mazoezi ya kila siku juma moja kabla ya siku hizo. Aliyeyaacha kwa mwezi mzima aanze tena na pumzi ya nne na sita kwa dakika tatu, kama alivyoanza mwanzo.